Anayeonja Kwanza

Jumatatu, 3 Juni 1912
Kimea kimekauka vizuri. Nimesaga nusu. Upepo wa leo, salaale! Vumbi hadi kwenye meno. Mbeleje hakusaga. Kakaa mlangoni, miguu imevimba, anasema ni baridi tu. Baridi gani inayovimbisha miguu? Nikamkaripia. Kisha nikajuta, nikamkanda kwa maji ya moto.

Jumamosi, 8 Juni
Pombe imeiva. Nyumba yetu ya tembe ilijaa, wengi watu wa reli. Desturi ni ile ile: hakuna anayekunywa mpaka mwenye nyumba aonje, wajue hamna sumu. Mimi niliapa misheni kwamba pombe haitagusa ulimi wangu. Basi anaonja Mbeleje. Akiingia mgeni aliyechelewa, anaonja tena.

Ndivyo tulivyoishi tangu alipomwacha mumewe kule Kibakwe, akaja kwangu na kinu chake kichwani. Watu husema ni dada yangu. Si dada yangu. Nampenda kama mke anavyompenda mume, na zaidi. Neno hili naliandika hapa kwa kuwa pengine pote halisemeki.

Leo nimemtazama juani. Macho yake ni ya manjano. Naogopa.

Alhamisi, 13 Juni
Nimempeleka kwa daktari wa boma. Alimbonyeza chini ya mbavu, Mbeleje akapiga yowe. Mkalimani akatuambia ini limeharibika, ni pombe ya miaka mingi, aache leo hii au atakufa. Mbeleje akacheka. "Mwambie bwana mkubwa mimi si mlevi. Mimi naonja tu."

Kuonja! Kila mtungi, kila mgeni, miaka yote hii. Na kata ya kuonjea anapewa na nani? Na mimi. Nililia njiani kama mtoto. Akaniambia, "Nyamaza, Luti, watu wanatutazama."

Jumapili, 16 Juni
Sikwenda ibadani. Nimewaza hadi kichwa kinauma. Kuacha kupika hatuwezi, watoza kodi ya nyumba hawaji kusikiliza habari za ini. Nionje mimi? Nilishaapa mbele ya Mungu.

Nimepata njia. Kata yake nitaitilia togwa, ambayo haijachacha. Rangi ni moja. Nani atajua?

Jumamosi, 22 Juni
Mjinga mimi. Mjinga, mjinga.

Mbeleje alipokwisha kuonja, jirani yetu Mzee Chilewa akaipokea kata amalizie kilichobaki. Akalamba midomo. "Hii togwa. Mbona hamnywi mnachotunywesha?"

Neno sumu halikutamkwa, lakini kila mtu aliweka kibuyu chake chini. Wanawake wawili bila mwanamume ndani, tayari tunasengenywa. Bado kidogo tungeitwa wachawi.

Mbeleje akasimama. Akachota mtungini, akanywa yote mbele yao. Akachota tena. Nikamshika mkono, akautoa mkono wangu polepole, akanywa. Watu wakapiga vigelegele. Wakaendelea na pombe yao, wakaimba. Jina letu limesafika na mimi nawachukia wote, kwanza kabisa nafsi yangu.

Jumatano, 26 Juni
Anatapika damu. Tumbo limejaa maji. Daktari amesafiri. Nimemwomba Mbeleje anisamehe. Akasema hana la kunisamehe, nimpe uji. Nikampa. Haukushuka.

Ijumaa, 28 Juni
Amekufa asubuhi, kichwa chake mapajani pangu.

Ningeonja mimi. Mungu ana watu wengi wa kumtunzia viapo. Mbeleje alikuwa na mimi tu. Ningeonja mimi.

Jumamosi, 6 Julai
Pombe ya matanga nimepika mwenyewe, kwa kinu chake. Kaka yake amefika kutoka Kibakwe, mtu mpole, hakuniuliza mengi. Waombolezaji walikaa na vibuyu vitupu. Kaka akauliza mwenye nyumba ni nani, aje aonje.

Nilidhani kata atapewa yeye mwenyewe, ndiye ndugu wa damu. Nilikuwa naelekea nje. Mzee Chilewa akainuka kwa shida, akachota, akaniletea kata kwa mikono miwili. "Ni huyu," akasema. "Pole, mfiwa."

Sikufikiria kiapo. Nikanywa. Ndipo nao wakanywa.

Ni kali. Ni chungu, inachoma kutoka kooni hadi tumboni. Kila nilipopika nilimuuliza imekuwaje, maana mimi nisingeweza kujua. Kila mara alijibu, "Tamu, Luti."

Watu wameondoka. Nimeosha kata, nimeitundika mahali pake.