Dari ya Ukoka

Kililana

Kwa mwanangu Athumani, Siyu.

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. U mzima? Kifua cha mkeo kimetulia? Mimi sijambo kwa uwezo wa Mola, ila magoti yamekataa amri na mgongo waniuma tangu Ijumaa. Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi zile za chuo cha Kurani. Usinicheke, soma polepole.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Wasema waja kunitwaa mimi na dadako Mwanaisha, kwani mumewe Bakari ametutia kaburini tungali hai, na nyumba yake ya shimoni imeozesha mbegu za simsim. Tangu lini ulimi wako ukawa mrefu kuliko wa mamako? Kaa, usikie.

Makuti yetu yaliungua mara mbili kwa moto wa kondeni, wajua. Ndipo Bakari akachimba ubavuni mwa kilima, akajenga kuta za mawe, akalaza boriti, akamwaga udongo juu uwe dari. Kisha akaitwa Mkokoni kwa maziko ya ami yake. "Mama," akaniambia, "udongo usiuguse. Nikirudi tutapanda ukoka, mizizi iushike."

Dari isiyopigwa! Mimi, niliyepiga sakafu za chokaa za nusu ya Siyu? Nikaita wanawake wa makonde ya jirani, tukashika vipande vya mti, tukaimba, tukaishindilia kutwa mbili mpaka ikawa ngumu kama kigae. Udongo si chokaa, Athumani, lakini nani angenambia mimi?

Bakari akarudi, akapanda ukoka. Ukafa. Akagonga kwa jembe, akanitazama. "Mama, mlicheza ngoma hapa?"

"Nyamaza. Nimepiga dari kabla mamako hajakuchukua mimba."

Mvua ikaja, maji hayakupata pa kuzama, yakateremka yote mbele, yakabomoa ukingo na kuingia mlangoni. Mbegu zikalowa. Majirani wakasema Bakari hajui kujenga. Alisikia, hakunitaja. Nami nikanyamaza. Hilo ndilo lililonichosha kuliko jembe.

Tangu siku ile kila asubuhi niko juu, navunja nti ya dari niliyoishindilia mwenyewe, napanda ukoka kipande kwa kipande, nateka maji kisimani. Kwa nyuma dari imelingana na kilima, basi mbuzi wa jirani huja kula kazi yangu. Juzi Mwanaisha yuaonja mchuzi, mara kwato za mbuzi darini juu ya kichwa chake, vumbi chunguni. "Mama! Una mgeni!" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jana imenyesha kutwa. Ndani hakukudondoka tone. Nikapanda juu, nikavuta shina moja la ukoka kwa nguvu zangu zote. Likakataa kung'oka.

Basi ndia waijua. Njoo, lakini kamba ya kufungia mizigo yetu iache huko. Lete mbegu ya simsim, na maneno ya kumtaka radhi shemeji yako. Yangu nimeyatafuta mwezi mzima, bado sijamwambia. Anza wewe mbele yangu, nami nitafuata.

Nisalimie shangazi yako, na jirani yetu mpika mikate. Mwambie mjukuu wangu mkubwa aache kunyonya kidole, ndevu zi karibu.

Ni mimi mamako, niliyeipiga dari.