Vidonge Viwili Alivyochukua Mutheu

Jumatano, Mumbuni

Nimechoka, lakini nisipoandika sitalala.

Asubuhi mdogo wangu Mutheu aliniomba vidonge vyangu vya ADHD, vile vinavyonisaidia kutulia kazini. Ana mtihani kesho.

"Viwili tu, dada. Si uko navyo vingi?"

Nilikataa. Nilimwambia daktari alinipima presha na moyo kabla ya kuniandikia, na yeye hajapimwa. Akanuna.

Saa kumi alinipigia simu akilia. "Moyo unaenda mbio. Mikono inatetemeka." Alivichukua kabatini nikioga. Niliacha kazi nikamkimbiza hospitali. Wauguzi walikaa naye mpaka mapigo yakatulia. Tumerudi salama, asante Mungu.

"Usiambie mama," alisema njiani. Nikamwambia sitasema.

Sina hasira naye. Kinachoniuma ni kwamba daktari aliniambia dawa hizi nizifungie kwa kufuli. Kila mwezi huniuliza kama nimezifungia, na kila mwezi mimi hujibu ndiyo. Kufuli yenyewe sijawahi hata kununua.

Ijumaa naenda kumwona daktari. Nitamwambia ukweli wote, hata kama ataninyima dawa. Naogopa sana kunyimwa.