Mifuko ya Mgongoni ya Kupandia Biano

Jumapili, 10 Juni 1956

Tumeshinda! Baada ya misa Padri Gustave amesema mbele ya watu wote: mwaka huu wanawake wa parokia watapanda mlima wa Biano pamoja na wanaume wa Cercle, klabu ya évolués, watu weusi waliosoma. Rafiki yangu Delphine alinifinya mkono, kidogo nipige kelele kanisani. Tumeomba mpaka midomo imekauka!

Lakini padri ana masharti. Kule juu mwezi wa saba umande unaganda majanini, na upepo wake hauna adabu. Mwaka jana wanaume walipanda na vesti za suti na mashati ya pamba. Wakatoka jasho njiani, upepo ukawangoja juu. Mmoja wao, Alphonse, alirudi na homa ya mapafu, hata leo anakohoa. Basi padri anataka kwanza aone tutavaa nini na vitu vyetu tutavibeba namna gani. Kila mtu atabeba vyake. Wapagazi hakuna.

Mambo ya nguo wanawake wameniachia mimi. Nani mwingine? Ndimi ninayefundisha kushona kule foyer, shule ya akina mama. Sijisifu — haya, najisifu kidogo.

Njia nzima Adrien alitembea hatua kumi mbele yangu. Mume wangu akitembea hivyo, tafuta pa kujificha.

Jumatatu, 11 Juni

Jana usiku amekataa. Si safari — safari ameikubali, maana Constance, mke wa prezida wa Cercle, anakwenda, na Adrien hataki isemwe kwamba mke wa karani wa reli hana koti. Anachokataa ni mfuko wa mgongoni.

"Bibi ya évolué hawezi kubeba muzigo mu mugongo sawa mupagazi," ameniambia. "Bantu batasema nini?"

"Na Jeannot je, Baba Jeannot? Nilimubeba mu mugongo mpaka akaacha ziwa. Haukuona haya?"

"Mutoto haiko muzigo."

Angembeba yeye, angejua kama si mzigo!

Kisha akamtaja baba yake. Hamtaji mara nyingi. Mzee alibebeshwa mizigo ya Wazungu kule Kasai akiwa kijana, na kovu la begani alikwenda nalo kaburini. Adrien akiwa mtoto alilipapasa kovu lile na kuapa kwamba mgongo wake yeye hautabeba kitu. Hapo niliinuka nikamfunika Jeannot blanketi. Niliumia kwa ajili yake.

Jibu limenijia leo asubuhi nikiosha vyombo. Mzee alibeba vitu vya mtu mwingine. Mimi nitabeba blanketi langu na mkate wangu. Nitamwambia siku akiwa ameshiba.

Jumatano, 13 Juni

Leo nimefanya jaribio. Alfajiri, baridi inauma masikio, nililowesha shati la pamba na tiriko, yaani sweta ya sufu, nikavivaa uani kimoja baada ya kingine. Shati likanigandamana mwilini, meno yakagongana. Tiriko nayo ililowa, lakini baada ya muda mfupi ikaanza kunipa joto hivyohivyo, ikiwa mbichi! Adrien alisimama mlangoni na mswaki mdomoni, akauliza aite mganga au padri.

Cheka, baba. Nimejua sasa kilichomwangusha Alphonse. Si baridi, ni jasho lake mwenyewe ndani ya pamba.

Mchana tukaenda na Delphine kwa Mgriki anayeuza nguo kuukuu za Ulaya. Anaapa kila kitu ni sufu. Mimi nilichomoa uzi mmoja mmoja, Delphine akawasha kiberiti. Uzi wa sufu ukiungua unanuka nywele. Wa pamba unanuka karatasi. Mgriki alipiga kelele kwamba tutamchomea duka! Tumetoka na rundo zima la tiriko nyepesi. Nyepesi, ndiyo. Mbili nyembamba zashinda koti moja zito: moja unaivua ukipanda, unaivaa tena ukisimama. Delphine alikuwa ameng'ang'ania koti la manyoya la bibi fulani wa Bruxelles. Nimemnyang'anya.

Jumamosi, 16 Juni

Mfuko wa kwanza umekwisha! Turubai kuukuu la kufunikia mizigo, mume wa Delphine aliruhusiwa kulichukua kazini lilipotupwa. Ndani nimetia bitana ya mifuko ya unga. Mikanda miwili ya mabegani, kifungo kimoja juu. Nimeutundika ukutani na kuutazama muda mrefu. Ni mzuri jamani. Nikaita majirani wote waje waone.

Delphine, mama wa watoto saba, aliugeuza huku na huku. "Eh, weye Mukasai, unaanza kucheza mbele ya ngoma! Usikate mbeleko na mutoto hajazaliwa."

Wivu tu huo. Kesho tunaujaribu, pamoja na mingine mitano ambayo wanawake wanaimalizia usiku huu, kwenye kilima kilicho nyuma ya matanuru ya matofali.

Jumapili, 17 Juni

Mungu wangu, aibu.

Mifuko ilikuwa imejaa vizuri: vikombe, viazi, mayai, mablanketi. Nikasema, haya wamama, tubebe. Wote tukafanya nini? Tukafanya kama tunavyobeba mtoto! Tukainama, kila mmoja akaurusha mfuko wake mgongoni, akautingisha kidogo ukae. Vifungo vikafunguka. Vikombe, viazi na mayai vikapita juu ya vichwa vyetu mpaka chini. Yai lilinipasukia sikioni. Watu wa matofali waliacha kazi kutazama.

"Batoto yangu saba, hakuna mwenye aliangukaka!" Delphine alilalamika. "Ni mufuko yako njo mubaya!"

Tulipopanda ikawa mbaya zaidi. Mifuko ilining'inia chini makalioni, mikanda ikakata mabega, na kila mmoja mkono wake uko nyuma, anaupigapiga mfuko ulale. Mimi vilevile! Nilijikuta nikilibembeleza turubai. Constance alikuja na viatu virefu na mkoba wa sakosi mkononi, akacheka mpaka kisigino kikamkatikia kwenye jiwe. Hilo peke yake limenifurahisha leo.

Nimekasirika. Nimekula peke yangu.

Jumatano, 20 Juni

Nimepata! Siku mbili nilikuwa nikitafuta namna ya kuwazuia wanawake wasiiname. Upumbavu! Tumebeba hivyo tangu bibi zetu, hakuna wa kutufundisha sasa tusimame wima. Mfuko ndio ujifunze kwetu.

Basi: mdomo unakazwa kwa kamba, halafu kifuniko kirefu kinaushukia na kufungwa chini. Inama utakavyo, hakitoki kitu. Na kiunoni nimeongeza ukanda mpana wa blanketi, kama mbeleko yenyewe. Unainama, unaurusha, unatua juu kabisa mgongoni, unakaza ukanda tumboni — na hauondoki! Uzito unakaa nyongani, mabega yanapumzika. Nimezunguka uwanja na Jeannot ndani ya mfuko, miguu yake nje, anapiga kelele za furaha. Hata nilikimbia.

Delphine ameujaribu. Ameinama, ameurusha, amekaza ukanda. "Njo huu sasa." Ndio huu! Kwa Delphine hiyo ni hotuba ya sifa.

Jumapili, 24 Juni

Ushindi! Padri ametukagua uani pake. Tumesimama mstari mmoja: tiriko mbili mbili, kitambaa cha sufu kichwani, soksi nene ndani ya bottines, buti za wanaume, na chini — hapa padri alitazama mbingu — pantaloni za flaneli. Ndiyo, pantaloni, suruali kama za wanaume! Wamama wazee walikuwa wamenijia juu wiki nzima. Nimewajibu kwa kikwembe, kitenge cha kujifunga. Kikwembe kinavaliwa juu kama kawaida, heshima iko palepale, na kwenye mteremko unakikunja na kukiingiza ndani ya ukanda wa mfuko. Wazee wakaanza kujaribu kukikunja wenyewe.

Padri akavaa mfuko wa Delphine yeye mwenyewe, akaruka nao mara tatu kanzu ikipepea, akaniuliza kama ningemshonea na yeye. Mbele ya wote! Nilitaka Adrien awepo. Alikuwa nyumbani, anasoma gazeti.

Jioni Constance amekuja kwa mlango wa nyuma. Alizungumza habari za hali ya hewa, za shule, za bei ya sukari. Nikamwacha azunguke mpaka achoke. Mwisho akasema: "Mama Jeannot, na miye nisaidie, tafazali." Nitamshonea mfuko mzuri kuliko yote, ili ashindwe kuusema vibaya.

Jumanne, 3 Julai

Cercle wamekutana. Wanaume watakwenda na valizi. Valizi za mkono, za ngozi, za kupandia mlima! Mtu wa maana husafiri na valizi, ndivyo prezida alivyosema, na wote wakapiga makofi. Vesti, kravati, koti refu. Adrien anapaka yake polishi.

Nimempikia bukari, ugali wetu, na samaki wa ziwani wa Kilwa yetu ya huku, akashiba, nikamwambia lile jibu langu. Kwamba baba yake alibeba mali ya wengine. Kwamba mzigo wako mwenyewe hauna aibu. Nilikuwa nimelipanga vizuri. Alisikiliza akitazama sahani.

"Weye haukumuona vile alikuwa analala," amesema. "Kifudifudi, miaka yote."

Jibu langu likawa kama hewa. Nikaondoa sahani.

Ijumaa, 6 Julai

Kesho treni! Mifuko imepangwa: blanketi chini, chakula katikati, tiriko ya pili na shati kavu juu kabisa pa kufikia upesi.

Jambo moja nimelipata kwa Adrien. Amekubali kuvaa tiriko ya sufu chini ya shati. Haionekani, basi haimwaibishi. Nilimfunga vifungo mwenyewe akijaribu, akanishika kidevu akacheka. Ninampenda mtu huyu mkaidi. Sitaki mtu yeyote amcheke kule juu, hata Delphine.

Jumamosi, 7 Julai

Kituoni, Biano. Tumepita Kambove mchana, tukashuka hapa jua likipungua. Baridi! Pumzi inatoka kama moshi. Wanawake tumevaa tiriko ya pili, tumekaa tunakula viazi na kuimba. Wanaume wanatembea huku na huku jukwaani, mikono makwapani, valizi zimepangwa ukutani zinang'aa. Prezida anatuuliza, kwa utani, kama ndani ya mifuko ile kuna nafasi ya mtu mmoja.

Jumapili, 8 Julai

Niko juu! Ninaandika nimeketi kwenye jiwe la ukingo kabisa, vidole vimekufa ganzi lakini mwandiko si kitu. Majani yote meupe kwa umande ulioganda. Sijawahi kuona nchi ikiwa mbali hivi. Tumefika kwanza, sisi wanawake, wote, Constance pia! Mfuko haukukatika hata uzi mmoja. Tumebadili mashati nyuma ya mablanketi, tukavaa tiriko, hakuna anayetetemeka. Delphine alipofika alikaa chini akalia. Nikamkumbatia, nikalia naye. Padri anatayarisha altare ya misa na mfuko niliomshonea uko mgongoni pake.

Wanasema aliye juu mngoje chini. Basi leo sisi tunawangoja hukuhuku.

Wanaume wanakuja. Tumewaona wakitoka kwenye vichaka, na mwanzoni hatukuamini macho yetu. Mteremko ni mkali, unahitaji mikono yote miwili kushika majani. Sasa mwenye valizi mkononi atafanyaje? Wameziweka kichwani! Prezida mbele, na kravati yake, valizi kichwani. Nyuma yake wengine, mmoja mmoja, kwa mstari. Wanawake wakapiga vigelegele. Constance akacheka mpaka akashika tumbo: "Angalia mubwana yangu! Anaenda soko!"

Nilicheka na mimi. Halafu nikahesabu vichwa, Adrien hayumo.

Nimemwona. Yuko chini, pale njia inapoanza kusimama wima. Ameikalia valizi yake. Mkono wake mmoja umefungwa leso, nadhani valizi imemchubua. Hakuiweka kichwani. Wengine walimpita na yeye hakuinua uso. Najua kwa nini, na hapa hakuna mwingine anayejua. Mstari ule wa watu na mizigo kichwani — yeye ameuona kabla yangu, na ndani yake amemwona baba yake.

Kicheko kimenitoka chote.

Padri amesema tumwache, atapanda akishapumzika. Hapana. Upepo umeanza, na jasho lake litapoa. Prezida amefika, anahema, anauliza kwa sauti kama karani wetu amepotea. Constance alimwambia atue valizi yake kwanza. Delphine alinitazama usoni. Kisha, bila kuniuliza, akamwaga vitu vyangu vyote kwenye blanketi lake, akanipa mfuko mtupu.

"Enda umulete, mudogo. Misa itangoja."

Nimesimama ukingoni niinue mfuko aone. Sitamwambia neno la baba yake tena, sina haki. Nitamwonyesha tu jinsi tunavyoinama. Akikataa nitaitia valizi ile mgongoni mwangu mimi, nipande nayo mbele ya Cercle nzima, na waseme watakavyo kuhusu mke wa évolué!

Ameniona. Amesimama.

Anavua kravati.