Baba, Karani Aliyewapokea Mawaziri Tisa wa Ulinzi

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu ulipotutoka Jumanne ile asubuhi, ukiwa umevaa shati la kazini ingawa ulikuwa umestaafu miaka minne.

Ulikuwa karani wa masijala katika ofisi ya waziri wa ulinzi. Uliwapokea mawaziri tisa, ukawaaga wote tisa. Wa kwanza, ulitusimulia, alikuwa mwalimu na aliijua kazi: raia anayesimama kati ya bunduki na wananchi, anayewasemea askari bungeni na kuwauliza makamanda maswali wasiyoyapenda. Waliofuata wengi walikuja kupiga picha. Wa saba alijishonea magwanda yenye vifungo vya kung'aa, ilhali hajawahi kulala kambini hata siku moja. Ulimwita Vifungo, mpaka Mama akakuomba uache, tusije tukalisema shuleni.

Tunaukumbuka upole wako. Mjane wa askari akija kuulizia faili la mumewe, ulimpa kiti chako, wewe ukasimama.

Kisha ghala la silaha likalipuka karibu na makazi ya watu. Walikufa kumi na wanane, wakiwemo majirani wa dada yako. Wiki sita kabla, kamanda alikuwa ameandika barua akiomba ghala lihamishwe. Uliipokea wewe, ukaigonga muhuri, ukampelekea Vifungo mkononi. Akaikalia.

Siku ya tatu baada ya mlipuko alikuita.

"Karani, hii barua imefika juzi, sivyo?"

"Ilifika tarehe nne, Mheshimiwa. Muhuri unaonekana."

"Mihuri hukosea."

"Huu nimeugonga mimi."

Alikutupa stoo ya samani, ukakaa na viti vibovu miaka miwili. Tume ya uchunguzi ilipoundwa, Mama alikushika mkono mlangoni. "Una watoto watatu," alisema.

"Na wale kumi na wanane, walikuwa na wangapi?"

Ukaenda, ukaisema tarehe nne mbele ya wote.

Vifungo hakufungwa. Alipewa wizara nyingine, kubwa zaidi. Akaja msibani kwako na msafara wa magari sita, akaomba aseme machache. Shangazi, yule dada yako, alimwambia taratibu: "Kaa kule nyuma, baba. Ulipotakiwa kusema ulinyamaza." Akaenda akakaa. Hatujawahi kumwona akitekeleza wajibu wowote vizuri namna ile.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, dada yako, wajukuu watano na makarani wenzako wa masijala.

Kwenye korido ya wizara jina halisi la Vifungo limeandikwa kwa rangi ya dhahabu, na watu hupita bila kuinua macho. Lako halijaandikwa popote. Nyumbani tunalitaja kila siku, Baba, na tutalitaja siku zetu zote.