Mume Wangu Anamwaga Gesi Yangu

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nisaidie, maana nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maabara, mume wangu yumo ndani na hatusemeshani tangu wiki iliyopita. Kazi yetu ni kupoza molekuli, yaani chembe ndogo za gesi, mpaka zifikie baridi ambayo friji yako haijawahi kuiota, na zikipoa vya kutosha zote huacha vurugu zikaenda kama kitu kimoja, na hapo ndipo tunapopatafuta miaka yote hii hatupaoni, mimi ndiye ninayezikusanya kwenye mtego wa mwanga wa leza, yeye ndiye anayezipoza, na njia yake ni kulegeza mtego ili zile zenye joto zitoroke na zinazobaki zipoe, sasa wiki hiyo iliyopita akasema, "Mke wangu, tuziache nyingi zaidi ziende," nikaona anamwaga jasho langu, nikamwita mharibifu mbele ya wanafunzi! Akachukua koti lake akatoka. Sasa ameomba kuhamia chuo kingine na Ijumaa anatia sahihi. Nampenda mno, Shangazi, lakini aliyekosa ni yeye. Nifanyeje?

Mkusanyaji

Marahaba, Mkusanyaji, na pole. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Molekuli sizijui, nazo hazinijui. Nikampigia mpwa wangu anayefundisha fizikia: "Hiyo gesi ikimwagika, ndiyo basi tena?" Akacheka. "Shangazi, humwagwa kutwa nzima! Hata kuipiga picha tu kunaiharibu. Wanatengeneza nyingine kabla chai haijapoa."

Ala! Kumbe? Unalilia kitu unachokitengeneza upya kutwa nzima, halafu mume mmoja uliye naye unamwacha aende! Huyo akitoroka utamkusanya kwa leza ipi? Kupoza ni kazi yake, umeandika mwenyewe, na alikuomba kwa adabu. Wewe ndiye uliyemvunjia heshima.

Inuka hapo kwenye ngazi, ingia ndani. Wanafunzi wakiwepo ndiyo vizuri: ulimtukana mbele yao, muombe radhi mbele yao. Kisha kusanya gesi yako, mwachie mtego, na umwambie, "Haya mume wangu, ziache ziende." Hata zikiondoka ngapi, wewe funga mdomo. Msipofaulu, mmepoteza kikombe kimoja cha chai, mnaanza tena.

Na siku molekuli zikipoa, maana naamini zitapoa, picha ya gesi bakini nayo. Mimi nitumie yenu wawili. Hiyo haiharibu kitu.