Ukurasa Uliotoka Kabla ya Siku Yake

Ijumaa, 29 Desemba 2017
Al Muraqqabat, Deira

Asubuhi ya leo ukungu ulikuwa mzito hata jengo la mbele sikuliona. Nimezima kiyoyozi tangu juzi na madirisha yako wazi. Huu ndio msimu ambao mke wangu Zuhura aliupenda kuliko yote. Alikuwa akisema Dubai ina wiki sita za uungwana, na zilizobaki ni adhabu.

Nina jambo la kukiri, na nimelizungukazunguka tangu Oktoba.

Wanaosoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni wanajua kwamba kila mwisho wa mwaka hutoa karatasi ninazoziita “Yaliyobadilika Mwaka Huu”. Kwa wageni nitaeleza. Nimekuwa mfasiri katika ofisi ya mawakili hapa Deira kwa miaka mingi kuliko niliyoishi Unguja. Kila Desemba ofisi huwaandalia wateja wake wakubwa ripoti ya sheria zilizobadilika katika kila tawi: kazi, ukaazi, nyumba, biashara na kodi, familia, mirathi. Ripoti ile ni nene, imejaa vifungu, na huandikwa kwa Kiingereza na Kiarabu. Miaka minane iliyopita nilijiuliza: na mlinzi wa Kisii? Na dada wa Tanga anayefanya kazi saluni? Wao sheria haiwagusi? Nikaanza kuandika muhtasari wangu kwa Kiswahili, kurasa chache tu, kila tawi na kichwa chake. Nakala huziacha saluni moja ya Al Rigga, kwenye mgahawa wa chai chini ya nyumba yangu, na kwa watu wa kusafirisha mizigo.

Mimi nilikuwa nikiandika. Zuhura alikuwa akisoma.

Hakusomea sheria. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Lakini alikuwa na kanuni mbili, na hakuna karatasi iliyotoka humu ndani bila kuzipitia. Ya kwanza: kila badiliko aliliuliza, “Imeanza lini?” Si imetangazwa lini, wala imetiwa saini lini. Imeanza lini. Ya pili: tawi ambalo halikubadilika nalo liandikwe, chini yake “Hakuna jipya”. Ukiliacha tupu, alisema, mtu atadhani umesahau, au atadhani kuna jambo unamficha.

Nilikuwa nikimwambia, “Bibi we, unanichosha.” Naye hunijibu, “Nikuchoshe mimi, au wakuchoshe wao?”

Alifariki Machi mwaka huu.

Sasa naja kwenye kosa lenyewe. Mwaka huu ilitoka sheria mpya ya wafanyakazi wa majumbani: siku ya mapumziko kila wiki, likizo ya mwaka, mtu akae na pasipoti yake mwenyewe. Ilipotangazwa, simu yangu ililia kama zamani. Watu walinisimamisha dukani. “Mzee, ni kweli?” “Mzee, tuandikie basi.” Nilikuwa nimekaa miezi sita simu yangu hailii ila mwanangu Fauz akipiga kutoka Manchester, Jumapili kwa Jumapili. Ilikuwa tamu kuulizwa. Naliandika neno hili kwa aibu, lakini ndilo lenyewe. Ilikuwa tamu.

Sikungoja Desemba. Niliandika ukurasa wa kwanza peke yake Oktoba, nikautoa. Haki zote nilizipanga vizuri, kwa Kiswahili safi.

Sikuandika kwamba sheria ikishatangazwa husubiri muda wake ndipo ianze kutumika, na kwamba muda ule ulikuwa bado.

Mtu niliyefasiri hati za mahakama maisha yangu yote. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingekosea hapo.

Ijumaa iliyopita nilikuwa Al Rigga, naingia saluni kuulizia kama karatasi za mwaka huu zitapata nafasi pale mezani. Mama mmoja aliyekuwa akisukwa akageuka na kichwa chake nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

“Wewe ndiye yule mzee wa sheria?”

Nikasema ndimi.

“Basi keti, tuongee. Karatasi yako imeniweka kwa shida.”

Jina lake Nekesa. Ametoka Bungoma, ana miaka arobaini na kidogo, na mwaka wa tano huu anamhudumia mjane mmoja mzee, Umm Saif, katika nyumba ya Al Twar. Aliupata ukurasa wangu Oktoba, akaufurahia, akaubandika kwenye mlango wa friji.

“Kwa friji?” nikamuuliza.

“Sasa ningebandika wapi, Mzee? Kwa friji ndiyo kila mtu hupita. Nikaweka na sumaku ya ngamia.”

Msukaji akacheka. Nekesa hakucheka. Dada yake Umm Saif alikuja kumtembelea pamoja na kijana wake aliyesoma sheria. Kijana akataka kujua karatasi ile ni ya nini, Nekesa akaieleza kwa ufahari wote. Kijana akasema: sheria hiyo haijaanza. Basi ikawa mbele ya wageni Nekesa ni mwongo, na aliyemwandikia naye ni mwongo. Likizo ya Januari aliyokuwa akiitumaini ikafutwa pale pale. Khalas.

Januari binti yake Sharon anaingia form one, shule ya bweni. Nekesa hajamwona tangu mtoto ana miaka tisa.

“Nilimwambia sanduku nitambebea mwenyewe hadi kwa geti,” akasema. “Ameshaambia wenzake wote. Sasa nitamwambia nini? Ati kuna mzee Deira alisahau tarehe?”

Nikamwomba anwani ya nyumba.

“Unaenda kufanya nini? Usiende kuniharibia zaidi, tafadhali.”

“Nakwenda kusema kosa ni langu.”

Akanitazama vile watu wanavyomtazama mzee anayetaka kuvuka barabara peke yake. Kisha akanipa.

Siku nne nilijitayarisha. Niliandika ukurasa upya, safari hii na tarehe, kwa sababu wakati huo sheria ilikuwa imekwisha kuanza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi: haki sasa alikuwa nayo, lakini hakuthubutu tena kuitaja. Nikaandika na nakala ya Kiarabu kwa mkono wangu. Kila nilipofika mwisho wa mstari niligeuka kumpa mtu asome. Nyumba yangu ina vyumba viwili. Niligeuka katika vyote viwili.

Jumatano nilikwenda Al Twar. Nilivaa kanzu na kofia yangu ya viua, nikapanda teksi.

Umm Saif alinipokea sebuleni, miguu yake juu ya kiti kwa ajili ya magoti. Nekesa alileta kahawa na tende, akasimama karibu na mlango, uso umekufa. Tukazungumza Kiarabu. Nilisema nilichokwenda kusema: huyu hakudanganya, mimi ndiye niliyeandika kabla ya wakati.

Akaweka kikombe chini.

“Mvi zote hizo, na hukujua kwamba sheria ina siku yake ya kuanza?”

“Nilijua. Nilisahau kuiandika.”

“Nani anakusomea kabla hujawapa watu?”

“Alikuwa mke wangu.”

“Alikuwa?”

Nikamwambia. Akamwombea rehema, na mimi nikamwombea mumewe. Kahawa ikamiminwa tena. Kisha akasema jambo ambalo halikuwa katika hesabu zangu.

“Siku ya kupumzika haikunikasirisha. Kilichonikasirisha ni kwamba dada yangu alijua ya nyumbani kwangu kabla yangu, mlangoni kwa friji yangu. Miaka mitano nakula cha mkono wake huyu. Alishindwa kuja kuniambia usoni?”

Nilidhani Nekesa hafuati. Anafuata kila neno. Akajibu kwa Kiarabu cha jikoni, kilichovunjika lakini wazi, bila kuinua macho:

“Nilikuambia, madam. Likizo nilikuomba mara mbili. Pasipoti mara moja. Ulisema inshallah.”

Mimi inshallah ya namna ile naijua. Nimeitumia mwaka mzima.

Umm Saif akaagiza miwani. Akaisoma karatasi yangu ya Kiarabu kutoka juu hadi chini, kidole kikifuata mistari, akanisahihisha mahali pawili, na alisahihisha kwa haki. Alipomaliza akatoa ufunguo uliokuwa umefungwa kwenye ncha ya shela yake, akampa Nekesa. “Droo ya juu. Chukua pasipoti yako, uiweke kwako.” Halafu: “Binti yangu atakuja kukaa nami mwezi mzima. Nenda ukambebee mtoto sanduku. Lakini friji yangu, yalla, ing’oe hiyo gundi.”

“Si gundi, madam. Ni sumaku.”

“Na ngamia wako mchukue.”

Nje, getini, Nekesa alitaka kunishukuru. Nikamwambia asinishukuru kwa kuzima moto niliouwasha mwenyewe. Akasema, “Sawa, basi sikushukuru. Lakini nikuulize, Mzee: sasa nani atakusomea hizo zingine?”

Leo, baada ya sala ya Ijumaa, amekuja. Hii ilikuwa Ijumaa yake ya kwanza ya mapumziko ya siku nzima tangu aje nchi hii, na saa mbili za hiyo Ijumaa amezitumia mezani kwangu. Nilimweleza kanuni za Zuhura. Akazishika haraka kuliko nilivyozishika mimi.

“Kodi ya ongezeko la thamani. Imeanza lini?”

“Inaanza Jumatatu. Hiyo hata paka wa sokoni anajua.”

“Iandike tu. Nyumba? Hapa umesema ‘Hakuna jipya’.”

“Kwa sababu hakuna jipya.”

“Haya. Wafanyakazi wa nyumbani, imeanza lini?” Hapo akanitazama, nikamsomea tarehe kama mtoto anayekariri. Tukacheka. Sijui ni lini mara ya mwisho nyumba hii ilisikia watu wawili wakicheka pamoja.

Nilimweleza kwa nini tarehe inaniuma hivi. Nilitoka Unguja nina miaka kumi na tisa. Mwaka ule, baada ya mapinduzi, sheria zilitujia kwa redio, moja juu ya nyingine, na baba yangu kila jioni aliuliza swali lile lile: sasa hivi tunafuata ipi? Hakuna aliyemjibu. Nadhani ndiyo sababu nikaingia kazi hii. Nilitaka kuwa mtu anayeweza kumjibu. Nekesa alisikiliza, kisha akasema kwao baba yake huuliza vivyo hivyo kuhusu bei ya mahindi. Sikuona ubaya. Kila mtu na redio yake.

Alipofika mwisho akahesabu kwa kidole. Kisha akatoa kwenye mkoba karatasi ya mwaka jana, imekunjwa mara nne. Kumbe anazihifadhi.

“Mwaka jana vichwa ni sita. Mwaka huu ni tano.”

Nikasogeza vikombe pembeni.

“Mirathi iko wapi, Mzee?”

Nikasema tawi hilo halikuwa na la kuandika.

“Si ulisema kama hakuna, tunaandika hakuna?”

Hakuuliza zaidi. Ana macho. Ameona kanga za Zuhura bado ziko begani mwa kiti, na miwani yake juu ya redio. Akaosha vikombe viwili ingawa nilimkataza, akavaa viatu. Anasafiri Alhamisi. Nilimuuliza atarudi lini, akasema amekata tikiti ya kwenda na kurudi, lakini akishamwona Sharon hajui moyo utasema nini. Hakusema inshallah. Nilimheshimu kwa hilo.

Sasa ni alasiri na ukungu umekwisha kabisa. Naandika ukweli kwa sababu nimewataka wengine waniamini.

Tangu Machi sijafungua faili la mirathi ya mke wangu. Mimi, ambaye nimefasiri mafaili hayo ya watu wengine hadi nikayajua kwa moyo: cheti cha kifo, hati ya ndoa, majina ya warithi, mashahidi wawili. Fauz huniuliza kila Jumapili, “Baba, umekwenda?” Nami humjibu neno lile ambalo Umm Saif alimjibu Nekesa. Si kwamba kuna mali kubwa. Kuna akaunti moja, bangili zake, na sehemu ya nyumba ya Mkunazini, kule Unguja, ambayo sidhani kama paa bado lipo. Ni kwamba karani ataandika jina lake kwenye fomu, na mbele ya jina ataandika marehemu, na ataweka tarehe.

Nimekaa mezani nikaongeza kichwa cha sita. Chini yake nimeandika “Hakuna jipya”. Kwa upande wa sheria, hilo ni sahihi. Zuhura angeusoma mstari huo, angeuelekezea kidole, na angenitazama mimi, si karatasi.

Jumapili, siku ya kwanza ya kazi hapa, ofisi zinafunguliwa asubuhi. Cheti kiko kwenye bahasha, hati ya ndoa nimeitoa chini ya godoro, na nimewapigia simu mashahidi wote wawili kabla sijaandika hapa, ili nisipate pa kurudi nyuma. Mmoja ameniuliza kwa nini nimechelewa hivi.

Nitamjibu nini, tukikutana mlangoni?