Herufi Pacha na Kiti cha Mapokezi

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa mlangoni pa chumba cha kufulia: nafasi moja mapokezi, usaili wiki ijayo, kwa Kiingereza. Moja! Nimekitazama kile kiti kinachozunguka nikameza mate. Miaka yote hii nasugua vyoo vya hoteli. Wageni wanashuka na suti na manukato, lakini choo hakidanganyi.

Mashuka naye anaomba. Tunamwita hivyo kwa sababu anatandika kitanda kabla hujamaliza kupiga chafya. Ghorofa tunafanya moja, na nyumbani vyumba tumepanga jirani, ukuta tu katikati. Mgongo wake umekwisha, daktari amemkataza kuinama. Sasa usafi gani wa vyumba usio wa kuinama?

Jumanne, 4 Machi

Mashuka kaja na menyu ya hoteli. Eti nimfundishe, mimi ndiye niliyefika sekondari. "Shoga, hizi herufi zilizojipanga mbili mbili zinataka nini?" Dinner. Supper. Butter. Coffee.

Jibu ni dogo: unatamka moja, mwenzake yupo pale kuifupisha irabu iliyotangulia. Dina. Sapa. Waingereza wanaandika mbili wanatumia moja — ufujaji mtupu!

Nikafungua mdomo kusema hivyo, kikatoka kingine. Nikamwambia zote zinatamkwa, kama kwenye nne, kama kwenye mmea. Akafurahi! Kumbe Kiingereza nacho kina akili, anasema. Di-nna. Sa-ppa. Ko-ffi.

Sikucheka. Nilisubiri aondoke, nikauma mto.

Alhamisi, 6 Machi

Namsikia ukutani. "Bu-tta! Le-tta! Ha-ppi!" Fundi viatu wa chumba cha pili kauliza kama kuna mtu anakabwa.

Mbavu sina. Halafu roho ikanisuta. Kidogo tu.

Jumamosi, 8 Machi

Homa. Hata kusimama siwezi. Mashuka kafanya vyumba vyake na vyangu vyote, na mgongo ule! Jioni kaniletea chai, kakaa ukingoni mwa kitanda, kaanza kuniuliza maswali ya usaili — mimi, si yeye! Eti homa isije ikanisahaulisha. "Akipata mmoja wetu, tumepata wote."

Nilitaka kumwambia. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Mimi ni mshenzi, basi.

Jumatatu, 10 Machi, benchi la nje ya ofisi ya meneja

Mashuka kavaa blauzi yangu ya bluu, nimemwazima mwenyewe. Nimemshika mkono nikaanza: sikia, zile herufi — mlango ukafunguka. Kaitwa yeye. "Usihangaike, zote ninazo kichwani!"

Naandika huku nasikiliza. Mlango wenyewe mwembamba, kila kitu kinapita. "Di-nna." Halafu tena: "Di-nna!" Amedhani hawajasikia, maskini, kakazia. Mtu kakohoa. Sijui ni kikohozi au ni kicheko.

Katoka! Uso unang'aa kwa jasho. Anasema wamemuuliza nani kamfundisha kutamka namna ile. "Nikawaambia ni wewe, shoga. Neno kwa neno, jioni kwa jioni, na huna choyo! Meneja kaandika jina lako, kapiga na mstari chini."

Ningemwambia sasa hivi, lakini ananikumbatia.

Mhasibu, anayesaili pamoja na meneja, kachungulia. Ananitazama mimi, anasema mwalimu aingie na menyu yake. Mashuka kakaa kwenye benchi, sikio mlangoni, anataka kunisikia. Nikitamka sawasawa, atajua. Nikitamka kama yeye, kiti kimekwenda.

"Mbona unaandika? Ingia!" Ananyanyuka na mgongo wake ule, ananitengeneza kola. Ananong'ona nisiogope, nikifika kwenye ile dinner nikazie kama alivyokazia yeye.